Kujiua kwa Rosa na Dhima ya Shule: Chanzo, Lawama na Mamlaka katika Rosa Mistika ya Kezilahabi

Ikisiri

Makala haya yanachunguza suala la dhima ya kujiua kwa Rosa, mhusika mkuu wa riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Rosa Mistika (1971). Usomaji uliozoeleka madarasani huirudisha dhima hiyo kwa Zakaria, baba mzazi, kwa kutumia dhana ya malezi mabaya. Makala yanahoji kwamba usomaji huo unachanganya chanzo na dhima, na matokeo yake shule hubaki nje ya kizimba. Hoja inajengwa kwa kutazama sarufi ya kitenzi kujiua, nafasi ya shule na chuo cha bweni katika maisha ya msichana aliye mbali na kwao, na mabishano ya baba na binti mbele ya Mungu. Riwaya inasomwa hapa kutoka Kigoma na ufuo wa Ziwa Tanganyika, mahali ambapo safari ndefu ya kwenda shule na kutokuwapo kwa baba nyumbani vina historia yake.

Swali la darasani

Walimu wa fasihi wanaofundisha Rosa Mistika wamezoea kuuliza ni nani aliyemuua Rosa. Swali hilo lina mvuto wake. Linaigeuza riwaya kuwa kesi, linampa kila mwanafunzi nafasi ya kuwa hakimu, na linajibika kwa insha ya kurasa mbili. Jibu linalotarajiwa nalo linajulikana. Zakaria ni mlevi, anampiga binti yake kikatili kwa sababu ya barua aliyoandikiwa na Charles, na kipigo hicho kinamjengea Rosa hofu ya wavulana ambayo baadaye inageuka kuwa kinyume chake. Akiwa katika shule ya wasichana ya Rosary, Mwanza, Rosa anaangukia mikononi mwa Deogratias, mwanamume mwenye hadhi na kipato. Katika chuo cha ualimu Morogoro anaingia katika maisha ya starehe, anahusiana kimapenzi na mkuu wa chuo, anatoa mimba. Anaporudi na kutaka kuanza upya, Charles anamkataa kwa kuwa si bikira tena. Rosa anajiua. Mwanafunzi anafuata nyayo kutoka mwisho kurudi mwanzo, anamkuta Zakaria na fimbo yake, na insha inakwisha hapo.

Jibu hili halina uongo ndani yake. Ukatili wa Zakaria umeandikwa waziwazi na hakuna msomaji makini atakayetaka kumtetea. Tatizo liko katika kanuni inayoliongoza, ambayo mara nyingi haitamkwi: kwamba aliye wa kwanza katika mnyororo wa matukio ndiye mwenye dhima ya tukio la mwisho. Kwa kanuni hiyo, dhima ni kama maji yanayokwisha katika mtungi. Akishayanywa wa kwanza, wanaofuata hawabakiziwi kitu. Deogratias anakuwa matokeo ya Zakaria, mkuu wa chuo naye hali kadhalika, na hata Charles anaonekana kama mtu aliyepita tu njiani wakati ajali imeshatokea.

Ifaa kutenganisha mambo matatu ambayo katika insha za darasani huitwa kwa jina moja. Chanzo ni kile ambacho bila hicho jambo lisingetokea, au lisingetokea kama lilivyotokea. Lawama ni hisia na hukumu ya kimaadili ambayo jamii humwelekezea mtu. Dhima, kwa maana ya kisheria na kimaadili inayotumika katika makala haya, ni wajibu wa kujibu: mtu ana dhima pale ambapo alikuwa na uwezo wa kutenda vinginevyo, alikuwa na nafasi iliyomtaka atende vinginevyo, na hakutenda. Mtu anaweza kuwa chanzo bila dhima, na anaweza kuwa na dhima kubwa bila kuwa chanzo cha kwanza. Mlinzi aliyelala hakuiwasha nyumba moto, lakini ataulizwa.

Sarufi ya kujiua

Kiswahili chenyewe kina mchango katika mkanganyiko huu, na ni jambo la kushangaza kwamba wahakiki wa riwaya hii wanaotoka katika idara za lugha hawalitazami mara nyingi. Katika kitenzi -jiua, kiambishi -ji- kinakaa mahali pa yambwa na kurejelea kiima. Mtenda na mtendwa ni mmoja. Muundo huo unaifunga sentensi: Rosa alijiua haina mahali pa kumweka mtu wa tatu. Kiswahili hakina mazoea ya kuambisha utendeshi kwenye kitenzi hiki ili kumwingiza msababishi. Kitenzi -fisha, utendeshi wa -fa, kipo, lakini kimebaki zaidi katika lugha ya dini, ambamo Mungu ndiye anayehuisha na kufisha. Hakuna anayesema kwamba Zakaria alimfisha binti yake.

Kwa hiyo mzungumzaji anayetaka kumtaja mtu wa tatu analazimika kutumia njia za kuzunguka, na kila njia ina gharama yake. Akisema Zakaria alisababisha kifo cha Rosa, amempata msababishi lakini amempoteza Rosa: nomino kifo haibebi -ji-, na kifo kilichosababishwa kinaweza kuwa cha malaria au cha kupinduka kwa mtumbwi. Akisema Zakaria alimuua Rosa, amesema kwa sitiari, na sitiari hiyo inampora Rosa tendo lake la mwisho. Akisema Zakaria alimfanya ajiue, amekaribia zaidi, kwa kuwa umbo la dhamira tegemezi ajiue linambakisha Rosa kuwa mtenda ndani ya shinikizo la mwingine. Ni muundo mzito kidogo, na pengine ndiyo sababu hauonekani sana katika insha.

Muundo unaopendwa zaidi ni mwingine kabisa: malezi mabaya yalimpelekea Rosa kujiua. Magazeti nayo huupenda. Umaskini, msongo wa mawazo na ugumu wa maisha humpelekea mtu kujiua. Kiima cha sentensi hizi ni nomino dhahania. Malezi yametokana na kitenzi -lea, kitenzi chenye mtenda na mtendwa, lakini unominishaji umemwondoa mtenda. Aliyelea hayupo tena kwenye sentensi. Msomaji anamrudisha kwa mazoea, na mazoea yanasema kwamba anayelea ni mzazi. Methali zinayaunga mkono mazoea hayo: Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, Samaki mkunje angali mbichi, Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Nafsi ya pili katika umleavyo inamnyooshea mzazi kidole. Hakuna anayeisikia methali hiyo akadhani anaambiwa mkuu wa chuo.

Lakini matumizi ya neno lenyewe katika taasisi za elimu za Tanzania ni mapana kuliko methali. Shule zina walimu wa malezi, klabu zina walezi, mabweni yana matroni na patroni. Shule ya bweni inapompokea mtoto inapokea pia kitenzi -lea pamoja na mtendwa wake. Anayesoma malezi katika Rosa Mistika kuwa ni mambo ya nyumbani peke yake anasoma neno hilo kwa maana finyu kuliko ile iliyomo katika ratiba ya shule anayofundisha.

Kusoma kutoka Kigoma

Upungufu wa usomaji wa nyumbani unaonekana vizuri zaidi riwaya inaposomwa mbali kidogo na Ukerewe, na Kigoma ni mahali pazuri pa kufanyia hivyo. Pande hizi mbili si ngeni kwa kila mmoja. Msafara wa Mapadre Weupe ulioondoka pwani mwaka 1878 uligawanyika Tabora. Kundi moja likaelekea Nyanza, jingine likafika Ujiji Januari 1879. Dini, nidhamu ya seminari na shule za misheni zilizomlea Kezilahabi mwenyewe, aliyezaliwa Ukerewe mwaka 1944, zina ndugu zao katika ufuo wa Tanganyika. Jina Rosa Mistika, linalotoka katika litania ya Bikira Maria, halihitaji tafsiri kwa Mkatoliki wa Kigoma.

Reli nayo inaunganisha. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na tawi la kutoka Tabora kwenda Mwanza likakamilika mwaka 1928. Msichana wa Nyanza anayekwenda kusoma Morogoro kwa gari moshi hupitia Tabora, na hapo ndipo njia yake inapokutana na ya msichana wa Kigoma. Baada ya hapo wote wawili wanasafiri katika njia moja, wakiwa na masanduku yao, kuelekea mahali ambapo hakuna mzazi atakayefika kwa urahisi. Kwa vizazi kadhaa elimu ya juu ya msingi kwa msichana wa maeneo haya ilimaanisha umbali. Umbali huo si mandhari tu katika riwaya. Ndio unaohamisha mamlaka juu ya msichana kutoka mikono ya baba hadi mikono ya taasisi.

Kigoma ina jambo la pili la kuongeza. Serikali ya kikoloni iliihesabu nchi ya Waha kuwa chimbuko la vibarua, na kabla reli haijabeba wanafunzi wengi ilibeba manamba waliokwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya mashariki. Kwa familia nyingi za huko baba hakuwa mtu wa kuogopwa kwa kuwapo kwake. Alikuwa mtu wa kusubiriwa. Mhakiki anayekuja na nadharia ya baba katili kama mzizi wa maangamizi yote ya msichana atapata shida kuisafirisha nadharia hiyo hadi katika nyumba ambayo baba yuko Tanga kwa miaka mingi. Wasichana wa nyumba hizo nao walikwenda shule, nao walikutana na kina Deogratias wao. Kama Zakaria ndiye maelezo ya kutosha, basi asiye na Zakaria angekuwa salama. Hakuna anayeamini hivyo, na riwaya yenyewe haisemi hivyo.

Ujiji, mji wa Waislamu wa miaka mingi, unatoa pembe nyingine ya kutazamia. Msomaji aliyelelewa katika mafundisho kwamba kila nafsi hubeba mzigo wake mwenyewe huenda asiridhike upesi na jibu linalomhamishia baba mzigo wote. Atasema kujiua ni dhambi ya aliyejiua. Lakini mafundisho hayo hayo yanamtambua mchunga, na mchunga huulizwa juu ya alichokichunga. Kwa hiyo hapa pia swali linabaki: Rosa alikuwa amekabidhiwa kwa nani siku zile?

Mkuu wa chuo

Kati ya wanaume wote wa riwaya hii, mkuu wa chuo ndiye anayepita kirahisi mno katika uhakiki. Hutajwa katika orodha: Deogratias, wanaume wa Morogoro, mkuu wa chuo. Orodha inamfanya awe mmoja wa wapenzi. Kwa Rosa anaweza kuwa alikuwa hivyo. Na mwandishi hamchori Rosa kama mhanga asiye na hiari, jambo ambalo ni mojawapo ya nguvu za riwaya. Lakini kwa upande wa dhima, mkuu wa chuo hawezi kuwekwa katika orodha hiyo. Wanaume wengine wana uhusiano na Rosa. Yeye ana ofisi juu yake. Ndiye anayeweza kumwita, kumwadhibu, kumfukuza, kumpitisha. Kinachoitwa mapenzi kati yao kinapita katika mlango ambao ufunguo wake anao mmoja tu.

Sheria za wakati wa riwaya hazikulisema jambo hilo kwa uwazi. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 ndiyo iliyokuja kumtaja mtu mwenye mamlaka anayetumia nafasi yake ya kikazi dhidi ya msichana au mwanamke aliye chini ya uangalizi wake. Kezilahabi aliandika karibu miongo mitatu kabla ya hapo, katika miaka iliyofuata tangazo la Elimu ya Kujitegemea la 1967, wakati shule ilipokuwa ikielezwa kama mahali pa kuandaa raia mpya. Kumweka mkuu wa chuo cha ualimu katika nafasi hiyo, wakati huo, kulikuwa kusema kwamba mahali panapotengeneza walimu wa taifa pana ufa katika dari lake. Usomaji wa malezi ya nyumbani unauziba ufa huo bila mtu kuombwa kuuziba.

Itasemwa kwamba Rosa alifika Morogoro akiwa ameshaharibika. Neno hilo, kuharibika, hutumika kwa msichana na kwa chakula, na katika matumizi yote mawili lina maana kwamba kilichofanywa baadaye hakina uzito. Hoja hiyo inastahili kukataliwa kwa sababu iliyo wazi: taasisi haipewi wanafunzi wazima peke yao. Inawapokea waliopigwa, waliotelekezwa, wenye njaa, waliopotea. Kama jeraha la awali lingemwondolea dhima kila anayefuata, basi aliyejeruhiwa zaidi angekuwa na walinzi wachache zaidi. Jeraha la Rosa linaongeza dhima ya mkuu wa chuo, halipunguzi.

Utafiti wa afya ya akili nao unalitilia shaka swali la muuaji mmoja. Kujiua ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya vijana wa umri wa miaka 15 hadi 29 duniani, na wataalamu wanakubaliana kwamba ni nadra kuwa na sababu moja. Lakini kuna hatari ya upande wa pili. Wingi wa sababu unaweza kugeuka ukungu, kila mmoja akawa amechangia kidogo na hakuna aliyepaswa kujibu. Neno kuchangia, ambalo kwa kawaida ni la harusi na misiba, linafanya kazi hiyo kwa upole mno katika insha za wanafunzi.

Mbele ya Mungu

Riwaya haiishii kaburini. Inawapeleka wafu mbele ya Mungu, ambako Zakaria na Rosa wanashitakiana: binti anamkabili baba yake kuhusu alivyomlea, baba anajitetea. Sehemu hii imewasumbua wasomaji wengi. Wapo wanaoiona kuwa kiraka cha kidini kilichoshonwa juu ya riwaya ya kiuhalisia, na wapo wanaoitumia kama hati ya hukumu dhidi ya Zakaria.

Ili kuona uzito wake inafaa kukumbuka sheria ya Kanisa ya wakati huo. Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1917, uliokuwa ukitumika riwaya ilipotoka, uliwanyima mazishi ya Kanisa waliojiua kwa kukusudia, isipokuwa kama walionyesha dalili za toba kabla ya kufa. Mkusanyo wa mwaka 1983 haukuwataja tena katika orodha hiyo. Kwa msomaji Mkatoliki wa 1971, kwa hiyo, kesi ya Rosa ilikuwa imefungwa duniani: alitenda mwenyewe, ameishia nje ya ua. Kezilahabi, aliyepitia seminari na kuijua mantiki hiyo kwa karibu, anaifungua tena kesi mbele ya hakimu wa juu zaidi, na jambo la kwanza linalotokea ni kwamba aliyejiua anapewa nafasi ya kusema. Kiambishi -ji- kilichoifunga sentensi kinafunguliwa. Rosa si mshitakiwa peke yake tena, ni mlalamikaji pia.

Hata hivyo, kuna jambo katika mabishano haya ambalo ni rahisi kulipita. Kiini chake ni nyumba moja. Wanaojibizana ni baba na binti. Mahakama ya mbinguni ina kanuni yake ya kiutaratibu isiyokwepeka: huita waliokufa. Baba amekufa, binti amekufa, wanaweza kusimama. Shule haifi. Chuo hakifi, mkuu mmoja huondoka, mwingine huingia, jina la chuo hubaki getini. Taasisi haina roho ya kupelekwa mbele ya kiti cha hukumu. Hivyo mahakama pekee ambayo riwaya inaweza kuiitisha kwa ajili ya Rosa ni mahakama ambayo kwa asili yake haiwezi kumwita mmoja wa wahusika wakubwa wa kesi. Kama Kezilahabi aliliona hilo kwa makusudi au la si muhimu sana. Athari yake kwa msomaji ni dhahiri: anayechukua mabishano ya mbinguni kuwa orodha kamili ya washitakiwa ameichukua mipaka ya mahakama kuwa mipaka ya dhima.

Mahakama za duniani nazo hazingefika mbali. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inamtia hatiani anayemshawishi au kumsaidia mwingine kujiua. Hakuna mhusika hata mmoja katika Rosa Mistika anayemshawishi Rosa afe. Kila mmoja anamfanyia jambo jingine, kwa sababu zake, na kuondoka. Hapo ndipo fasihi inapokuwa na kazi ambayo si mbingu wala mahakama inayoifanya: kuwaweka pamoja katika kitabu kimoja watu ambao hawawezi kuwekwa pamoja katika kizimba kimoja.

Kitabu kizimbani

Historia ya riwaya baada ya kuchapishwa iliongeza sura ambayo mwandishi hakuiandika. Rosa Mistika ilizuiwa kutumika shuleni kwa muda kwa sababu ya jinsi inavyozungumzia mambo ya kujamiiana. Hoja ilikuwa kwamba itawapotosha wanafunzi. Taasisi ambayo riwaya inaionyesha ikishindwa kumlinda msichana ilijihami kwa kuwalinda wasichana dhidi ya riwaya.

Fasihi ya Ujerumani ina tukio linalofanana na hili, ila lenyewe limo ndani ya kazi. Katika tamthilia ya Frank Wedekind, Frühlings Erwachen (1891), mwanafunzi Moritz Stiefel anajiua baada ya kushindwa masomo. Walimu wanakutana. Badala ya kujadili mitihani yao, wanalishughulikia andiko la maelezo ya kujamiiana ambalo rafiki yake, Melchior, alimwandikia, na Melchior anafukuzwa. Maandishi ndiyo yanayopatikana na hatia. Ni ushahidi rahisi kushika, hauna mshahara wala cheo, na ukiuchoma haukati rufaa.

Hermann Hesse, katika Unterm Rad (1906), alilikabili suala hilo kwa namna nyingine. Hans Giebenrath, mvulana mwenye akili aliyesukumwa na mji mzima kushinda mtihani na kuingia seminari, anavunjika na kurudishwa nyumbani, na mwishowe anakutwa amekufa mtoni katika mazingira ambayo riwaya inayaacha bila uhakika. Mazikoni, fundi viatu Flaig anawaonyesha walimu waliokuja kuzika kuwa nao walisaidia kumfikisha kijana pale. Kisha anajijumuisha yeye mwenyewe na baba wa marehemu katika kuuliza kama nao hawakumkosea. Flaig hana elimu ya walimu wale, lakini anafanya kitu ambacho insha nyingi kuhusu Rosa hazifanyi. Anaitaja taasisi bila kuisamehe nyumba, na anaitaja nyumba bila kuisamehe taasisi. Dhima ya mmoja haimfuti mwingine.

Tofauti ya mapokeo hayo mawili si ya bahati. Riwaya ya shule ya Kijerumani ya zama zile ilizaliwa katika jamii ambayo shule ilikuwa ya zamani na yenye kuchosha. Kuishitaki kulikuwa jambo la kawaida. Katika Tanzania ya 1971 shule ya sekondari ilikuwa bado tunu adimu, hasa kwa msichana, na hasa kwa msichana wa mikoa ya pembezoni kama Kigoma. Mtu hashitaki kwa urahisi mlango uliofunguliwa kwa tabu. Hiyo inaeleza ukimya wa uhakiki kuhusu shule, na kuueleza si sawa na kuutetea.

Charles

Anabaki Charles, na kwake vipimo vilivyotumika juu ya mkuu wa chuo havifai. Charles hana ofisi juu ya Rosa. Barua yake ya kwanza ilimletea Rosa kipigo bila yeye kukusudia. Hapo ni chanzo bila dhima, mfano safi wa tofauti iliyochorwa mwanzoni. Kumkataa kwake baadaye ni jambo jingine. Hakuna mtu mwenye wajibu wa kuoa. Kama dhima ni kujibu kwa nafasi uliyokuwa nayo, inaweza kudaiwa kwamba Charles alikuwa na nafasi ya mchumba tu, na mchumba anaweza kubadili nia.

Sheria ya Ndoa, iliyotungwa mwaka huo huo wa 1971, iliruhusu madai ya fidia kwa kuvunjwa kwa ahadi ya ndoa. Sheria, basi, ilitambua kwamba ahadi hiyo si upepo. Lakini fidia inahusu hasara inayoweza kuhesabiwa, na kilichovunjika kati ya Charles na Rosa hakikuwa gharama ya sherehe. Rosa aliyekuwa akirudi kutoka Morogoro alikuwa ameacha maisha yale na kutafuta mtu mmoja wa kumwamini kwamba ameyaacha. Charles alikuwa na mizani ya aina moja, na mizani hiyo haipimi kutubu; inapima mwili. Hakuibuni. Aliipokea kutoka parokiani, kijijini, kwa wazee wa pande zote mbili, na pengine kwa Zakaria mwenyewe, ambaye alimpiga binti yake kwa ajili ya kitu kile kile ambacho Charles alikuja kukidai. Kwamba mpigaji na mchumba wanatumia kipimo kimoja ndilo jambo gumu zaidi katika riwaya hii, na halijibiwi kwa kumtafuta wa kwanza.

Hata hivyo kipimo hakikujipima chenyewe. Siku ile kulikuwa na mtu mmoja aliyekishika mkononi, mwenye elimu, aliyempenda Rosa tangu utotoni, na aliyeweza kukiweka chini.